Pamba Nyumba Yako Bila Kutoa Hata Ndururu

Kodi imelipwa, karo imelipwa, tokeni za stima zimenunuliwa, na kilichobaki ni nauli ya kufika mwisho wa mwezi. Hapo ndipo hamu ya kubadilisha nyumba humjia mtu. Unaingia jioni, unawasha taa, na chumba kiko vilevile kilivyokuwa Januari: kochi limeegemea ukuta uleule, televisheni inatazamana nalo, mitungi ya maji imejipanga kando ya mlango. Kesho yake ukipita Barabara ya Ngong unaona makochi mapya ya mafundi yakiwa yamepangwa kando ya lami. Unauliza bei kwa macho tu, na matatu inaondoka.

Makala haya ni ya mtu huyo, awe anaishi katika chumba cha futi 10 kwa 10 Kawangware, bedsita ya Kangemi au Uthiru, fleti ya zamani Kileleshwa, au chumba cha ghorofani katikati ya jiji. Ninachotaka kumwambia ni kwamba hamu hiyo si anasa, wala haihitaji kungoja mshahara. Ni hamu ya kuumba kitu kwa mikono yake, sawa na ile inayomfanya mwingine ajiunge na kwaya au alime kibustani nyuma ya nyumba. Na yale yanayobadilisha chumba zaidi ya yote hayauzwi dukani: nafasi, mwanga, mpangilio na kazi ya mkono. Tuyachukue moja baada ya jingine.

Jifunze kwa waliotangulia

Kabla ya hayo, twende Lamu. Nyumba za mawe zilizojengwa huko katika karne ya 18 zilikuwa na vyumba virefu na vyembamba. Dari zake zilibebwa na boriti za mikoko, na boriti haiwezi kuvuka nafasi kubwa bila kupinda. Upana wa chumba ukabaki karibu mita 3, ambao ndio upana wa chumba cha futi 10 cha mpangaji wa Kawangware leo. Wajenzi hawakuweza kusogeza kuta, basi wakaushughulikia ukuta wa ndani kabisa. Waliutia zidaka, safu juu ya safu za vishubaka vya chokaa iliyonakshiwa, na humo zikawekwa sahani za kauri na vyombo vya heshima. Jicho lilipofika mwisho wa chumba halikugonga ukuta. Liliendelea kuingia ndani. Wenye nyumba hizo walikuwa na mali, lakini akili iliyotumika haidai mali: chumba kidogo hupanuliwa na kile kilicho mwisho wake.

Magharibi mwa Kenya, akina mama hukandika nyumba zao kwa udongo, kisha huzipamba kwa udongo wa rangi tofauti na kwa jivu, hasa Krismasi inapokaribia. Kazi ikichakaa, hurudiwa. Wengi wetu tumekulia katika nyumba hizo, au tumemwona nyanya akichora ukuta kwa kiganja chake.

Hapa Nairobi, ingia katika nyumba ya mabati Kawangware au Kibera ambayo mkaazi wake anaipenda. Kuta zote zimefunikwa kwa mapazia mepesi na vitambaa, vikining'inia kutoka kwenye kamba iliyozungushwa chini ya paa. Mabati hayaonekani tena. Kochi lina kitambaa mgongoni, meza ina chake, redio ina chake. Mtu asiyeweza kubadilisha ukuta wa mwenye ploti ameweka ukuta wake mwenyewe mbele yake. Waswahili wamesema nyumba njema si mlango, na nyumba hizi ndizo ushahidi.

Toa kabla ya kuongeza

Wengi huanza kwa kutafuta cha kuongeza. Wewe anza kwa kutoa. Chagua Jumamosi moja, rundika kitandani kila kilicho juu ya meza, rafu na kabati. Fagia, piga deki, pangusa kuta kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, na usafishe vioo vya dirisha ndani na nje. Usidharau hatua hii. Ikiwa unaishi karibu na barabara kuu au njia isiyo na lami, vumbi la kiangazi lililoganda kwenye vioo linakunyima mwanga, na pengine hilo pekee ndilo lililokuwa likikufanya ukichukie chumba.

Kabla ya kurudisha chochote, kaa kwanza ukitazame chumba kikiwa kitupu. Kisha gawa vitu mafungu matatu: unavyotumia kila siku, unavyovipenda kwa dhati, na vinginevyo. Fungu la tatu lisirudi. Gawia jirani, peleka ushago, au funga kwenye gunia uweke chini ya kitanda kwa muda. Usipoliulizia, jibu unalo.

Samani nazo zisogezwe. Sebule zetu nyingi zimepangwa na makochi yameegemea kuta zote nne kama wagonjwa wanaosubiri kuitwa na daktari, na katikati pamebaki uwanja usio na kazi. Jaribu kuvuta kochi moja liache ukuta. Katika bedsita, geuza mgongo wa kochi uelekee kitanda, au simamisha kabati kwa pembe dhidi ya ukuta, na tayari una vyumba viwili. Nyuma ya kabati inayoonekana sasa, tundika leso au shuka safi. Kabla ya kusukuma kitu kizito, pima kwa kamba: upana wa samani, upana wa nafasi, na upana wa njia itakayobaki. Mtu apite bila kugeuka ubavu.

Kuna vitu vya Nairobi ambavyo vitabu vya mapambo kutoka ng'ambo havivijui. Maji huja kwa zamu, kwa hiyo mitungi ya lita 20 haiwezi kutoka nyumbani. Ikusanye kona moja, iliyo sawa kwa urefu iwe pamoja, ifunike kwa leso inayoshuka hadi sakafuni, na uweke ubao juu yake. Umepata meza ya pembeni ambayo haitikisiki, na siku ya kuteka maji unainua ubao tu. Mtungi wa gesi ni habari nyingine. Huo usifunikwe kwa nguo wala usifungiwe mahali pasipo na hewa, hata kama unaharibu sura ya jikoni.

Lifuate jua

Nairobi iko zaidi kidogo ya digrii moja kusini mwa ikweta, na jambo hilo linagusa chumba chako moja kwa moja. Kuanzia katikati ya Machi hadi mwishoni mwa Septemba, jua la mchana hupita upande wa kaskazini. Miezi inayobaki hupita kusini. Dirisha la kaskazini basi hupata jua miezi ya baridi, Juni hadi Agosti, siku ambazo mawingu yanaliruhusu. La kusini hulipata Desemba na Januari. La mashariki hupata asubuhi mwaka mzima, na la magharibi hupata joto la alasiri.

Jua dirisha lako limeelekea wapi, kisha upange kwa kulifuata. Kiti cha kusomea, meza ya mtoto ya kazi za shule au mahali pa kufumia paende kwenye mwanga. Televisheni isitazamane na dirisha, maana utaona pazia ndani yake badala ya habari. Kioo ndicho chombo chenye nguvu kuliko vyote, na karibu kila nyumba inacho. Kitoe nyuma ya mlango, kiweke kwenye ukuta ulio pembeni mwa dirisha, na kisogeze polepole mpaka kirushe mwanga kwenye kona yenye giza. Hapo ndipo mahali pake. Kama fleti yako imebanwa na ghorofa ya jirani, jambo la kawaida sana Kawangware, Kinoo na hata Kilimani ya siku hizi, kioo kinaweza kuonyesha kipande cha anga ambacho wewe mwenyewe huwezi kukiona ukiwa umeketi.

Mapazia pia. Pazia likifunguliwa na bado likafunika robo ya kioo kila upande, dirisha limepungua nusu. Lisukume hadi mwisho wa bomba, ulifunge kwa utepe wa kitambaa, uache shia pekee mchana. Majira ya mvua, Machi hadi Mei na tena Oktoba hadi Desemba, acha nafasi ya kiganja kati ya kitanda au kabati na ukuta wa nje. Bila hewa kupita hapo, ukungu utakula ukuta na nguo pamoja.

Vitu vya ushago vipewe heshima

Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais wa pili wa Kenya mwaka 1966, alitumia miaka mingi kukusanya vitu vya Waafrika: vigoda, vibuyu, mapambo ya mwili, nguo. Sehemu ya mkusanyiko wake iko katika Hifadhi ya Kitaifa ya Nyaraka, Moi Avenue, na sehemu nyingine iko Nairobi Gallery, lile jengo la mwaka 1913 lililo pale Kenyatta Avenue inapokutana na Uhuru Highway. Sehemu kubwa ya vitu hivyo ilikuwa ya kutumika nyumbani: cha kukalia, cha kukamia maziwa, cha kubebea. Kilichovibadilisha machoni pa mtazamaji ni kupewa nafasi, mwanga na urefu unaofaa.

Nawe una vyako. Kiondo cha nyanya kilichojaa chaja mbovu na risiti, kibuyu kilichofungwa kwenye nguo juu ya kabati, mkeka uliokunjwa, kigoda kinachotumiwa kama ngazi. Vitoe, vipanguse, na ukipe kimoja ukuta mzima. Usivirundike pamoja na vitu vya aina nyingine. Viondo vitatu vya ukubwa tofauti vikitundikwa pamoja vinapendeza. Kiondo kikiwekwa kati ya kalenda, saa, picha ya harusi na shahada, hakuna atakayekiona.

Picha za ukutani nazo zinahitaji neno. Nyumba nyingi huzitundika karibu na dari, na mgeni hulazimika kuinua shingo ili amwone babu. Majumba ya maonyesho hutundika picha ili katikati yake iwe karibu sentimita 145 hadi 150 kutoka sakafuni, ambapo jicho la mtu aliyesimama huifikia bila shida. Sebuleni, ambako watu huketi, inaweza kushuka zaidi. Kusanya picha za familia zilizotawanyika, zipange kwanza sakafuni, sogeza-sogeza mpaka zikubaliane, ndipo uzipandishe. Kazi hii ya sakafuni ndiyo yenye raha, na ni nzuri kuifanya na watoto, maana kila picha itaulizwa hadithi yake.

Sasa tia mkono

Kupanga peke yake kunatosha, lakini mwenye kiu ya kuumba atataka kutengeneza kitu. Hizi hapa kazi mbili zisizodai ununue chochote.

Ya kwanza ni wanga wa vitambaa. Vitambaa vya kufuma vikizeeka hulegea na kujikunja pembeni, navyo huonekana kama vimechoka. Siku unayopika wali, chemsha mchele kwa maji mengi kuliko kawaida, kisha mwaga yale maji mazito ndani ya bakuli badala ya karo. Yakishapoa, chovya kitambaa kilichofuliwa, kikamue kwa kiganja bila kukisokota, ukitandaze juu ya taulo. Vuta kila ncha ya ua kwa kidole mpaka lisimame, kisha kiache kikauke kivulini. Kitarudi kigumu na chenye umbo, maua yote wazi. Ukitaka zaidi, kifunike juu ya bakuli lililopinduliwa kikiwa kibichi. Kikikauka kitabaki na umbo la bakuli, nawe utakuwa na kikapu chepesi cha kuwekea funguo au nyuzi.

Ya pili ni mchoro wa udongo. Upande wa magharibi wa Nairobi, kuanzia Lavington kupanda Dagoretti hadi Kikuyu, una udongo mwekundu. Ukienda mashariki na kusini unakutana na ule mweusi unaonata. Chukua konzi chache za mwekundu, uuanike, uuponde, uuchekeche kwa kitambaa chepesi mpaka ubaki unga laini. Koroga vijiko vitatu vya unga wa ngano katika maji baridi kidogo hadi mabonge yaishe, mimina ndani ya kikombe kimoja cha maji yanayochemka, na uendelee kukoroga hadi upate uji mzito. Ukipoa, changanya na udongo. Hiyo ni rangi. Jivu lililochekechwa litakupa kijivujivu, na makaa yaliyosagwa yatakupa weusi.

Usipake ukuta wa watu. Paka kipande cha katoni ulichokibandika gazeti juu yake kwa uji uleule. Paka nyuma pia, hata kama hapataonekana, kwa kuwa katoni iliyolowa upande mmoja hujikunja. Tandaza rangi nyembamba, ngoja ikauke, rudia. Kisha chora. Huhitaji kujua kuchora sura ya mtu. Mistari, pembetatu na vitone vya viondo na shanga vimetutosha kwa vizazi vingi. Jambo moja la kuangalia: mende hupenda uji wa ngano, kwa hiyo kazi ikauke kabisa juani kabla ya kuingia ndani, na isiwekwe karibu na chakula.

Atakayesema takataka haiwezi kuwa sanaa atazame kazi ya Cyrus Kabiru, msanii aliyezaliwa Nairobi mwaka 1984. Amejulikana duniani kwa miwani anayoiunda kwa vyuma, nyaya na vitu vilivyotupwa mitaani. Hazina yake ya malighafi ni mitaa hii hii tunayoikanyaga.

Omba, badilishana, otesha

Mimea haihitaji kununuliwa. Ile inayotambaa ya majani yenye umbo la moyo, iliyojaa kwenye ngazi za fleti nyingi, huota kwa tawi tu. Omba jirani kipande chenye vifundo viwili au vitatu, kitie kwenye chupa ya maji ili kifundo kimoja kizame, na baada ya majuma machache utaona mizizi. Badilisha maji kila siku chache, mbu wasizae humo. Kama una mtoto anayetambaa, iweke juu asikoweza kufika: baadhi ya mimea ya nyumbani, ikiwemo hii, huwasha mdomo ikitafunwa.

Kama uko kwenye chama, pelekeni wazo hili mkutano ujao: kila mmoja alete pazia, shuka au mto ambao amechoka kuutazama, na kila mmoja arudi na wa mwenzake. Pazia lililokuchosha wewe ni jipya kabisa kwenye dirisha la mwingine. Baada ya miezi mitatu mnaweza kubadilishana tena.

Kreti za mbao za nyanya na maparachichi hufanya rafu nzuri zikipangwa kwa kupishana, mdomo ukitazama mbele, na hapo utakuwa umepata zidaka zako. Lakini kreti sokoni ni mali ya mfanyabiashara na huzunguka mara nyingi. Omba iliyovunjika, uitengeneze, uipige msasa. Ukipewa mbao za majukwaa ya kubebea mizigo, tafuta muhuri uliochomwa. Herufi HT zina maana kwamba mbao zilitibiwa kwa joto, na hizo ni salama. Herufi MB zina maana ya kemikali ya kuua wadudu. Ziache hapo hapo.

Mipaka ya mpangaji

Wengi wetu Nairobi ni wapangaji, na amana ya nyumba ni pesa nyingi kuipoteza kwa sababu ya msumari. Tumia vilivyopo: misumari ya waliotangulia, bomba la pazia, kingo za kabati. Kamba moja iliyofungwa kutoka msumari hadi msumari inaweza kubeba picha kumi kwa vibanio vya nguo. Kubwa na nzito ziegemee ukuta juu ya kabati bila kutundikwa. Kabla ya kugusa rangi au kutoboa, zungumza na msimamizi wa ploti, na piga picha za kuta zilivyo ili mwishoni pasiwe na ubishi.

Usalama hauna mjadala. Nguo, katoni na karatasi zikae mbali na jiko na waya wa stima. Kama ukuta wako ni mabati na umeuvika vitambaa, acha upande wa jiko wazi kabisa. Pazia lisizibe dirisha pale panapopikiwa kwa makaa, maana moshi usioonekana huua. Na mlango ufunguke wote, siku zote, hata kama kona nzuri zaidi iko nyuma yake.

Anza na ukuta mmoja

Usijaribu haya yote wikendi moja. Chagua ukuta unaotazamana na mlango, ule unaokupokea ukirudi kutoka kazini. Jumamosi hii uondolee kila kitu, uoshe, kisha uupe kitu kimoja unachokipenda na mwanga wa kukionyesha. Uishi nao wiki nzima kabla ya kugusa mwingine. Jicho litaanza kuuliza lenyewe kuhusu kona inayofuata, na hiyo ndiyo faida kubwa ya kazi hii. Utahama, kwa kuwa Nairobi watu huhama, na pengine kochi halitapita mlango wa nyumba mpya. Jicho ulilolifunza kupanga litapita. Litumie kwako, kisha mwalike jirani wa mlango wa pili umsaidie na ukuta wake.